Bakteria wa Kiwanja cha Ghala la Dawa

Kikao cha dharura cha Kamati ya Wakazi, Jumamosi tarehe 14 Juni, maabara ya shule, saa 4:00 asubuhi.

Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi ujenzi), Mwalimu wa Biolojia, Muuguzi, Fundi Bomba, Katibu.
Hakuhudhuria: Mwenye Kinu, bila taarifa, mara ya tatu.

KUMB. NA. 1/6: ZEGE
Mwenyekiti alieleza kwamba Jumatatu zege litamwagwa kwenye kiwanja lilipokuwa ghala la dawa za wadudu, ili mvua isiendelee kupeleka sumu kisimani. Alisema mama yake aliyanywa maji yale hadi kisima kilipofungwa, na hataki maneno mengi.

KUMB. NA. 2/6: PINGAMIZI
Mwalimu, ambaye ni shemeji wa Mwenyekiti, aliomba zege lisubiri. Mwenyekiti alisema, "Shemeji, wiki kumi unafuga tope kwenye chupa. Watu wanataka maji!" Muuguzi alimwomba Mwenyekiti akae. Alikaa.

Mwalimu alieleza kwamba alitia sumu ileile katika chupa mbili: moja ya udongo wa bustani ya shule, nyingine ya udongo wa kiwanjani. Majibu ya maabara ya maji yalifika jana. Chupa ya bustani, sumu iko palepale. Ya kiwanjani, imebaki chini ya robo. Bakteria wameila.

Fundi Bomba aliruka kitini na kuuliza nani aliwafundisha.

"Hakuna," Mwalimu alijibu. "Wanazaana upesi mno, na kila kizazi kina wachache waliotoka tofauti kidogo. Miaka thelathini ndani ya sumu, akatokea mmoja anayeweza kuivunja. Huyo akashiba, akajaza kiwanja. Tena uwezo huo wanagawiana."

Katibu aliomba Mwalimu arudie, kwa kuwa yeye Katibu alikuwa akitazama chupa badala ya kuandika.

Mwenyekiti aliuliza, "Wanahitaji nini?"

"Hewa na unyevu, shemeji. Zege lingewanyima vyote viwili."

KUMB. NA. 3/6: MAAMUZI
Mwenyekiti aliondoa hoja yake mwenyewe. Iliamuliwa kiwanja kichimbiwe mfereji wa kuzuia maji ya mvua yasitiririkie kisimani, udongo ugeuzwe kila wiki kwa glavu na mabuti, na upimwe kila mwezi. Kisima kibaki kimefungwa hadi vipimo viwe safi. Mwenyekiti alipendekeza Mwalimu asimamie. Hakuna aliyepinga.

KUFUNGA
Ilipofika saa 5:35 Mwenyekiti alikwishatoka kupima mfereji, wajumbe wakamfuata. Kikao kilifungwa kiwanjani.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)