Mzigo wa Ng'ambo Nilioukataa

Ilala, Dar es Salaam
Jumanne, baada ya kazi

Kwa Baba yangu mzazi,

Assalaam alaykum. Nakuamkia kwa adabu, na Mama naye namwamkia, nikimwomba Mola barua hii iwakute mkiwa wazima. Mgongo wako unaendeleaje? Nimesikia siku hizi unaranda mbao ukiwa umekaa. Kaa tu, Baba, mninga hauna haraka. Na karanga za Mama je, zimetoka vizuri mwaka huu? Mimi mwili mzima, chakula nakula, kazini naenda. Lakini nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya.

Najua treni imenitangulia. Vijana wa mtaa wetu wa Ng'ambo wamekwisha kushuka na wewe umekwisha kusikia, tena pengine ulisikia ukiwa umekaa pale pale ukingoni mwa uwanja, mbele za watu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nimeona haya, Baba. Hata sasa naandika nimeinamisha kichwa, na chumbani sina mtu.

Tangu nipandishwe kuwa karani wa bohari hapa kiwandani nimekuwa nikiwachosha wenzangu kwa habari za uwanja wetu wa mpira wa kikapu. Wao wana uwanja wa saruji, nami nikawaambia saruji si kitu. Nikawaeleza kwamba zamani pale palikuwa ua wa babu yake Mzee Nasoro, misafara ya Ujiji ikitua hapo, na kwamba hadi leo mvua ikinyesha shanga huibuka ardhini, watoto wakaziokota. Nikawaeleza jinsi mwaka wa Uhuru Mzee Nasoro alivyowafungulia vijana ua wake, kina mama wakaleta udongo wa kichuguu na kuushindilia mpaka mpira ukadunda, nawe ukachonga ubao wa mninga na kufunga pete ya pipa iwe kikapu. Walipenda sana habari hizo. Ila ya mzigo sikuwaambia. Nilijua kwa nini siwaambii, na sasa nawe unajua.

Mzigo ule wewe ndiye uliyeuanzisha. Husemi sana, lakini Mama amenihadithia tangu nikiwa mdogo. Mchezo wa kwanza kabisa vijana wa mtaa wa Kanyenye walipotufunga, watu wetu walisema kikapu kimepinda, fundi ndiye aliyetuponza, na mawe yakaanza kuokotwa. Wewe ukacheka. "Kweli nimekipinda," ukasema, "lakini kimepinda kwa wote. Haya, leteni mzigo wenu. Baba yangu alibeba mizigo ya watu mpaka Bagamoyo, mimi Kanyenye hapo itanishinda?" Ukajitwika furushi lao la fulana na viatu, ukawapelekea hadi kwao huku mji mzima unakuzomea. Wakakulisha ugali na nyama, ugomvi ukaishia sahanini. Tangu siku ile nahodha aliyefungwa hubeba furushi la waliomfunga, na anayekataa hakanyagi uwanja.

Basi wiki ya Saba Saba vijana wetu walikuja kucheza na timu ya kiwanda. Nahodha wao alikuwa Maganga, mwana wa muuza asali. Nahodha wa kiwanda nilikuwa mimi. Sitakuficha, walitufunga kwa raha zao, na Maganga alikuwa ananipita kama vile nimesimama pale nauza njugu. Mpaka hapo sikuwa na kinyongo chochote. Kimoyomoyo nilikuwa nafurahi, maana wale ni wetu.

Filimbi ilipolia, Maganga akaja na furushi, akalitua miguuni pangu akicheka. "Haya mpagazi, twende. Stesheni si mbali."

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu pamoja na makarani wenzangu. Akauliza, "Kulikoni? Huyu anakutuma?"

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nikakohoa kidogo, kisha nikasema kwa sauti ya mkutanoni: "Jamani, nchi hii inajitawala. Mtu kumbebesha mwenzake mzigo ni unyonyaji. Hayo ni mabaki ya utumwa, hapa hatuyataki." Makarani wakapiga makofi. Meneja akasema, "Safi kabisa!"

Utumwa, Baba! Nimeiita utumwa kazi ya Babu, aliyekwenda pwani kwa miguu yake mwenyewe na kurudi na mahari ya Bibi. Na wewe uliyejitwika furushi ukicheka ili watu wasipigane mawe, nimekutia humo humo. Tena wala sikuwa nafikiri unyonyaji. Nilikuwa nafikiria suruali yangu mpya, na namna meneja atakavyoniona napita barabarani na mzigo kichwani. Kama kulikuwa na kupe uwanjani siku ile, alikuwa ndiye yule aliyekuwa akihutubia.

Maganga aliinama, akalichukua furushi mwenyewe.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikakimbilia stesheni kabla treni haijaondoka. Niliwakuta wamekaa juu ya mizigo yao wanakula mihogo. Nikasema, "Maganga, lete hilo furushi nilipandishe."

Baba, wewe unatujua mimi na yeye. Tuliingia jando siku moja, tukalia siku moja. Tangu hapo hajawahi kuniita kwa jina langu. Mara ni Masikio, mara ni Domo la Chura, hata mbele ya Mama, na Mama hucheka. Kwa hiyo nilikwenda nimejiandaa. Angenitukana mpaka abiria wote wageuke kututazama, ningemshukuru.

Akasimama, akajifuta mikono, akanipa mkono wa heshima. "Shikamoo," akasema.

Nilidhani ni mzaha. Nikamtazama usoni, hakuwa anacheka. "Usijisumbue, bwana," akasema, "mizigo tutaipandisha wenyewe. Ahsante kwa kutukaribisha." Na wale wengine, ambao wote ni rika langu, wakasimama wakanipa mkono vile vile, shikamoo, shikamoo, kama ninavyoamkiwa na matarishi wa ofisini. Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini, na shikamoo haikataliwi? Treni ilipoondoka walinipungia mikono kwa adabu sana.

Sasa nina ombi. Neno lako pale uwanjani linasikilizwa, nami nakuomba usilitumie kwa ajili yangu. Usiwaambie ni ujana, wala usiseme ni mambo ya Dar es Salaam. Likizo yangu ikifika nitakuja. Wakiniambia nibebe hadi Kanyenye, nitabeba. Wakitaka nifike hata Lusu, kule mbali, nitafika, ingawa miguu yangu siku hizi ni ya kiti. Na wakisema nisikanyage, nitakaa nje na watoto nitazame. Ila wewe usiniombee.

Mwambie Mama asilie, mwanawe ni mzima, ni ujinga tu uliompata. Nisalimie Shangazi anayekaanga vitumbua pale pembeni mwa uwanja. Najua habari hii ameshaiuza pamoja na vitumbua, na ana haki. Mzee Nasoro mpe salamu zangu za heshima. Mdogo wangu wa kike mwambie asome kwa bidii, lakini asisome kama nilivyosoma mimi.

Maganga usimpe salamu. Mwambie tu kwamba nakuja, na siku nitakayoteremka aje stesheni anitukane mbele za watu, kwa sauti, asibakize hata tusi moja. Akiniamkia tena, Baba, nitapanda treni ile ile nirudi nilikotoka.

Ni mimi mwanao, mwenye haya,
Hamisi