Mbuzi wa Deni la Wanjiru

Marsabit,
Juni 1996

Ndugu yangu Kamau,

Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Gitothua, na kwamba mgongo haukusumbui tena unapoamka. Mimi ni mzima. Joto la huku linanikausha polepole kama kahawa kwenye vitanda vya kuanikia, lakini tangu nistaafu sijapata wanafunzi wasikivu kama hawa ninaowafundisha huku.

Wanjiru alifika Jumanne juu ya lori la unga, uso wote vumbi, akanipa barua yako kabla hata ya kunywa maji. Nimeisoma mara mbili. Unataka nimkataze kufanya kazi huku, na sababu yako ni mbuzi. Umesikia kwamba wazee wa huku wanatoa mbuzi kwa ajili ya binti yako, na wewe hujawahi kuona mbuzi wakitolewa kwa ajili ya msichana bila bwana arusi kusimama nyuma yao.

Nilicheka, nisamehe. Sasa ngoja nikueleze taratibu, unanijua.

Binti yetu amesomea udaktari kwa mkopo, na mkopo huo unamngoja. Kituo cha afya cha hapa kina nesi mmoja na vitanda, lakini hakina daktari. Mwanamke akishindwa kujifungua hupakiwa kwenye gari lolote linalopita, na kuna siku hakuna linalopita. Kwa hiyo kamati ya kituo imesema hivi: daktari akikubali kukaa miaka mitatu, kila mwaka anaoumaliza watamlipia theluthi ya deni lake. Mshahara ni kando. Akichoka akaondoka mapema, kilicholipwa kimelipwa, kilichobaki ni chake mwenyewe. Hakuna atakayeshika cheti chake. Hayo nimeyasoma kwa miwani yangu yote miwili.

Mbuzi je? Watu hawa ni wafugaji. Wewe ukiombwa mchango kanisani unatoa noti. Wao hutoa mbuzi, anauzwa sokoni, pesa zinawekwa benki. Hao ndio mbuzi uliosikia habari zao. Bwana arusi hayupo.

Jumatano nilimpeleka mbele ya kamati. Bibi mmoja, Halima, ambaye naye ametoa mbuzi, alimtazama toka juu mpaka chini.

"Mwalimu, huyu ndiye daktari? Mbona mwembamba hivi? Upepo utambeba."

"Nifunge kamba basi, Shosho," Wanjiru akamjibu. "Lakini kwanza nione huo mguu unaouficha."

Halima hakulijua hilo neno letu la kumwita bibi, ila alielewa anaheshimiwa. Akautoa mguu. Ulikuwa na mwiba wa siku nyingi, na nyama imeanza kuoza. Wanjiru akapiga magoti palepale mchangani akaitisha maji ya moto.

"Aliyekutangulia aliona vumbi hili akarudi na lori lilelile," Halima akasema huku amekunja uso kwa maumivu. "Wewe utarudi lini?"

"Bado sijakubaliwa kuja. Baba yangu hajasema. Anaogopa mbuzi wenu ni mahari."

"Mwambie baba yako mbuzi wangu hawataki kuoa."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akashindwa kuendelea. Jambo ambalo Halima hakumwambia, na ambalo mimi nalijua, ni kwamba binti yake mwenyewe alifia kando ya barabara akingoja gari.

Mkataba uko mezani kwangu bila sahihi. Wanjiru anasema hataandika jina lake bila neno lako. Kamati imekubali kungoja mpaka lori lirudi kutoka Thika. Likirudi bila jibu, wataanza kutafuta daktari mwingine, na sijui watampata wapi.

Unaniambia nimkataze kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Kamau, huyu ana jina la mama yetu. Tangu azaliwe wewe humwita Maitu, mama, nami humwita Maitu, na ndiyo maana ulishindwa kumkataza hapo nyumbani ukamtuma kwangu na barua. Ulidhani mimi nitaweza?

Unakumbuka mama yetu alivyokupeleka Thika? Hapana, huwezi kukumbuka, ulikuwa mgongoni. Mugutha tulikoishi wakati huo haikuwa na nyumba hizi za kupangisha, ilikuwa kahawa tupu. Kifua chako kilikuwa kimebana, hukuweza hata kulia. Alikubeba kwa miguu mpaka Thika, mimi nikimfuata na blanketi. Tulipofika, daktari alikuwepo. Ni hilo tu, Kamau. Alikuwepo.

Lile blanketi la kijivu najua unalo. Huku alfajiri kuna baridi. Kama unakubali, mpe dereva wa lori aliyekuletea barua hii amletee Wanjiru. Kama hukubali, panda mwenyewe uje umwambie, nami nitakupokea vizuri sana, ila Halima atakuwa amekaa mlangoni.

Msalimie shemeji yangu, mama Wanjiru, umwambie mtoto anakula. Msalimie pia dada yetu Nyambura wa Kahawa Wendani, na wale wanafunzi aliowapangisha vyumba, wasimchoshe kwa kelele.

Ni mimi kaka yako, mwana wa Maitu kama wewe,

Mwangi