Jirani Anabeba Lawama za Filamu Zangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba upesi, maana Ijumaa inakuja na wanawake wa kanisani watafika na sufuria zao. Mimi ni mama wa Garrett, tuko Pennsylvania, shule sikufika mbali, niliacha nikaingia kiwanda cha kushona mashati, lakini mtoto niliyemzaa, mshauri, ungemwona! Ni mtu wa kompyuta, kazi yake anafanyia chumbani kwake huko juu, kavaa vile vidude vya masikioni, anapokea simu za wateja wa kampuni ya intaneti, na mtu akipiga kafura kwa hasira yeye humtuliza mpaka mwenyewe anaomba radhi.

Sasa kila Ijumaa, tukishamaliza kukunja pierogi za kanisa, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani ambavyo kanisa huuza, wenzangu huja kwangu, chumba cha chini, tunakula haluski, ile kabichi yangu ya tambi na siagi ambayo hakuna anayeniweza, tunaangalia filamu mpya, zile ambazo hata sinema ya mjini bado inazionyesha, nami huzipakua bure kwenye kompyuta yetu ya zamani. Huniuliza, "Dolores, we mwanamke, unazitoa wapi?" Nami huwajibu, "Ukizaa kama nilivyozaa mimi, hutauliza." Garrett mwenyewe hajui. Yeye alinitilia VPN, programu ya kuficha mtu mtandaoni, kwenye simu, ili nikitumia waifai ya duka la dawa watu wasichungulie mambo yangu ya benki, akaniambia, "Mama, ni kama kupita mjini ndani ya gari la vioo vyeusi," nikamwelewa vizuri kabisa, kwa hiyo kila nikipakua filamu huiwasha na kuilaza simu juu ya kompyuta ipate kuifunika.

Kumbe haifuniki! Kampuni ya intaneti ikaleta onyo kwa barua pepe, nikadhani ni matangazo, ikaleta la pili, nikafuta, la tatu likaja kwa karatasi na Garrett ndiye aliyefungua bahasha, eti laini yetu inapakua filamu za wizi, na likija jingine inakatwa. Akabadilika rangi. "Mama, wakikata sina kazi, na ndio haohao wanaonilipa! Ni huyo Bernadine tu." Bernadine ni mjane wa nyumba ya pili, nilimpa neno letu la siri la waifai awe anaonana kwa video na binti yake, askari, yuko Korea na mtoto. Mimi, mshauri, niliendelea kukoroga kabichi. Garrett akalibadilisha neno la siri jioni ileile, na Ijumaa wenzangu walipouliza mbona Bernadine hayupo nikasema tu, "Ah, yule naye ana mambo yake," wakajaziliza mabaya wenyewe. Juzi Bernadine akaja barazani na tableti yake mkononi: "Dolores, intaneti yenu mbovu? Mjukuu wangu ameota jino." Nikamwambia, "Itarudi, shoga."

Je, nimwambie mwanangu, au ninunue VPN kubwa ya kufunika nyumba nzima niendelee kimya kimya? Nimeshawaahidi filamu ya mapenzi.

Mama Garrett

*

Mama Garrett, hongera kwa mwana. Sasa tumwache kidogo tukuzungumzie wewe.

Simu si kuku, haiatamii kompyuta. VPN iliyo kwenye simu inalinda simu, basi. Na hata ukinunua ya kufunika nyumba, gereji na kanisa, itaficha njia uliyopita, ila filamu itabaki si yako. Faragha ni haki yako na Garrett alikufundisha vyema, mambo ya benki yako hayamhusu mtu dukani. Lakini wewe mwenzetu unapita na vioo vyeusi, halafu unaalika parokia nzima ije ione ulichobeba!

Kwa hilo ningekucheka tukaishia hapo. La Bernadine sicheki. Umemwacha mwanao amsingizie mjane, ukawaachia wenzako wamtafune pamoja na haluski, na mwenyewe ukamwita shoga machoni. Na hebu fikiri: neno la siri limebadilishwa, Bernadine hayumo. Ukipakua hiyo ya mapenzi na onyo likaja, Garrett atamshika nani? Mbwa?

Leo, kabla hujabandika sufuria, msubiri Garrett avue vidude vyake, umwambie, "Ni mimi." Usianze na jinsi ulivyomlea. Atakasirika, mwache, ametuliza wengine vya kutosha. Afute hizo filamu zote wewe ukiwa umekaa hapo. Kisha mpelekee Bernadine neno jipya la siri kwa mkono wako na umweleze kwa nini lilibadilika, asije akasikia kwa wengine. Ijumaa azima filamu maktaba, hata kama wote wameshaiona, na kabla hujazima taa uwaambie walewale uliowaacha wajazilize kwamba mwizi alikuwa mpishi. Bernadine akae kiti cha mbele, kama atakubali kuja.

Kampuni inaijua nyumba yako, imeshakuandikia mara tatu. Unayemficha ni mmoja tu, naye yuko ghorofani. Kwa huyo hakuna VPN, mama. Panda ngazi.