Mguu wa Kushoto wa Shabani

Jumatatu, 3 Machi
Wateja watano leo hotelini, Mbezi Beach. Kila mmoja nimemuuliza yaleyale kabla ya kumpaka mafuta. Presha? Mimba? Umevunjika karibuni? Mguu umevimba? Kisha maneno yangu ya kila siku: masaji inalegeza misuli, inaleta usingizi, inatembeza damu. Na ni kweli. Mama mmoja kaingia shingo imekakamaa, katoka anacheka.

Mume wangu katolewa hogo leo, ile plasta ya mguu uliovunjika. Wiki sita tangu aanguke saiti.

Jumanne, 4 Machi
Shabani kanuna. "Wageni unawachua, mie mumeo hutaki." Vidole vinaniwaka. Nimemwambia aache utoto. Mama yake, tunayekaa naye hapa Manzese, kanikata jicho.

Alhamisi, 6 Machi
Siku yangu ya mapumziko. Roho imenisuta. Baada ya chai nimemchua ule mguu wa kushoto, mafuta ya nazi na karafuu, nusu saa, kwa nguvu. Ulikuwa umevimba, wa moto. Nikasema ni hili joto la Machi. Sikumuuliza hata swali moja. Nani anamhoji mumewe? Kalala mchana kutwa, kaamka ananisifu.

Ijumaa, 7 Machi
Alikuwa anavaa kanzu aende msikitini. Kifua kikambana. Bajaji, hospitali. Hata adhuhuri hakuifikia.

Daktari anasema damu iliganda mguuni, bonge likapanda mapafuni. Kaniuliza kama kuna mtu aliuchua. Mama mkwe alikuwa nje, hakusikia. Nikasema hapana.

Jumamosi, 8 Machi
Tumemzika.

Chuoni tulifundishwa wiki ya kwanza: mguu mmoja uliovimba, wenye moto, usiuguse, mgonjwa aende hospitali. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Nililipata. Labda bonge lingepanda lenyewe. Sitajua kamwe. Naichukia mikono yangu.

Jumatano, 19 Machi
Niko eda, sitoki. Mama mkwe mgongo umemkaza kwa kukaa mkekani na wafiwa.

"Nichue, mwanangu. Shabani aliniambia, ile Alhamisi ulimpa usingizi ambao hakuupata wiki sita. Mungu atakulipa."

Nimemuuliza presha. Nimemuuliza kifua. Nimeishika miguu yake yote miwili, nikailinganisha.

"Maswali yote haya ya nini, mwanangu?"

Nimemimina mafuta. Mgongo umelegea taratibu, kasinzia mkono wangu ukiwa begani mwake. Nimeuacha hapohapo mpaka alipoamka.