Hewa Itoke Kwanza

4 Februari

Kwako mwanangu Sindano,

Salamu nyingi kutoka chumbani kwetu. Mimi mzima, mguu umepona, na paka bado mwizi. Wewe je, kifua? Usinijibu "salama" kwa mkato kama kawaida yako. Nijibu kifua.

Barua yako niliisoma mara tatu, nikidhani macho yananidanganya. Yaani umeacha cherehani uende zimamoto? Mtoto niliyemlaza mapajani akikoroma kama birika kwa pumu, leo anataka kubeba mpira wa maji begani na kupanda mnara wa ghorofa saba kwa dakika mbili na nusu! Lakini nakujua. Ukishasema umesema, na mimi sina nguvu ya kushindana na kichwa nilichokizaa mwenyewe. Basi nikusaidie.

Kwenye kifurushi hiki kuna chupa mbili. Yenye uzi mwekundu ni mafuta ya mkaratusi, yenye uzi mweupe ni ya mnanaa. Si ya dukani hayo. Nimeyakinga mwenyewe kwenye bomba la mtambo wetu wa kazini, ule wa kutoa mafuta kwenye majani, fundi wake kaniruhusu. Ni makali, yatafungua hata kifua cha jiwe. Siku ya jaribio paka kifuani kote, usifanye choyo, na tone mojamoja puani. Ukianza ngazi, fanya kama nilivyokufundisha utotoni: funga mdomo, kaza pumzi, panda.

Utafaulu. Wenzangu kazini nimeshawaambia.

Mama yako


21 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Nafurahi mguu umepona. Kifua umeuliza, nakujibu: kimeungua.

Nilipaka kama ulivyoagiza, kote, bila choyo. Ghorofa ya kwanza ngozi ikaanza kuwaka. Ya pili, machozi. Ya tatu nilikuwa nakohoa, nikaketi kwenye ngazi na mpira wangu kama mtu anayesubiri basi. Mkufunzi wetu, mzee mwenye sauti ya honi, akaja, akanusa, akasema, "Nani kaniletea msitu humu?" Sasa kambi nzima inaniita Bi Mkaratusi.

Muuguzi wa kambi alinifuta kwa mafuta ya kupikia, akaniosha kwa sabuni, akaniuliza nilichanganya na nini. Nikasema sikuchanganya. Akashika kichwa. Kumbe mafuta ya namna hiyo hayapakwi matupu. Ni matone mawili matatu kwenye kijiko cha mafuta ya kawaida. Na puani hayatiwi kabisa, sembuse kwa mtu aliyewahi kuugua pumu, maana harufu kali yenyewe inaweza kumbana. Akanisikiliza kifua mbele na nyuma. Amesema mapafu ni mazuri, ila dawa yangu ya kuvuta nisiiache mbali.

Wiki iliyofuata nilipanda bila mafuta. Nikaishia ya tano, naona giza. Mkufunzi akanipigia kelele mbele ya watu: "Wewe, unapanda ngazi au unapiga mbizi? Toka chini mpaka ghorofa ya pili hujapumua hata mara moja!"

Ni kweli, Mama. Nakaza pumzi. Nimejaribu kuacha, mwili haukubali. Mguu ukigusa ngazi, mdomo unajifunga wenyewe. Na unajua nilijifunzia wapi.

Mtihani wenyewe ni tarehe 29 Machi, na ni mmoja tu. Nikishindwa, narudi kwenye cherehani. Tafadhali usinitumie kitu kingine.

Binti yako


10 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki ya tatu hii huandiki. Ile barua niliiandika kifua kikiwasha. Kama nimekuumiza, nisamehe. Kama unaumwa, mwambie fundi wako aniandikie.

Bado nakaza pumzi. Zimebaki siku kumi na tisa.

Binti yako


13 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba, marahaba nyingi. Siumwi. Nilikuwa nimenuna, lakini si kwako. Nilijinunia mwenyewe.

Miaka kumi na miwili nalisha majani mtambo ule, na mafuta yake sijawahi kuyapaka hata kwenye kidole. Nilijua kuyanusa tu. Nikafikiri yaliyo makali zaidi ndiyo yenye upendo zaidi. Nilipomweleza fundi yaliyokupata, alicheka hadi akashika ukuta. "Mama Sindano, chupa ile inatosha mtaa mzima! Wanunuzi wanachanganya." Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Si ulisema unataka ya kunusa nyumbani?" Kweli nilisema. Niliogopa angeninyima.

Lakini hilo la mafuta ni dogo. Hilo lingine ndilo lililoninyima hamu ya kula. Wewe ulikuwa na miaka minne, labda hukumbuki vizuri. Tulikaa chumba cha juu ya mashine ya kusaga nafaka. Ngazi zile zilikuwa nyeupe kwa vumbi la unga kutwa nzima, ukizipita tu unakohoa mpaka unatapika. Ndipo nikakufundisha: mlangoni vuta hewa, funga mdomo, kaza mpaka juu. Ngazi kumi na nne tu. Ulikuwa unafika mashavu yamevimba kama chura, tunacheka wote wawili. Baadaye tukahama. Mimi nikasahau kukuambia basi, sasa pumua. Kosa ni langu, simtupii mtu.

Kwa hiyo siku hizi zote nilikuwa nasoma. Usicheke. Wa darasa la tatu naye husoma. Kila siku napanda ngazi za chuma za mtambo na gunia la majani mabichi begani, safari thelathini, na umri wangu unaujua. Nikajiuliza, mbona mimi sianguki? Nikaanza kujisikiliza. Nikamwomba na fundi asimame chini asikilize. Akasema, "Unapuliza kama mtu anayepoza uji."

Ndiyo hiyo, mwanangu. Mimi sianzi kwa kuvuta. Naanza kwa kutoa.

Gunia likiwa linapanda begani, fuu! Hatua ya kwanza na ya pili napuliza taratibu, midomo nimeibana kidogo. Ya tatu na ya nne naiacha pua ivute yenyewe, na hewa iende tumboni. Mabega yakianza kupanda, ujue unavuta hewa ya juujuu, hiyo haikufikishi. Usihangaike kuvuta. Ya ndani ikitoka yote, ya nje itaingia bila kubembelezwa. Ghorofa mbili za mwanzo usizikimbilie, hata wakikupita. Waache wapite, utawakuta wamekaa. Jifunze bila mzigo kwanza: ukienda kuoga, ukienda kula, kila ngazi unayoikuta. Mdomo ukitaka kujifunga, mwambie Mama amekataa.

Na mafuta usiyatupe. Muulize muuguzi. Akikubali tu, tia tone moja la mnanaa kwenye leso, uiweke mbali kidogo na uso, baada ya mazoezi, ukiwa umelala chali unatuliza pumzi. Ukihisi kubanwa hata kidogo, itoe nje. Hayo ni ya kukupumzisha, si ya kukupandisha. Mnara utaupanda wewe.

Mama yako


29 Machi

Mama,

Nimefaulu! Nimetanguliza hilo usije ukaruka salamu ukilitafuta. Shikamoo sasa.

Dakika mbili na sekunde kumi na tisa. Wiki mbili hizi nimekwenda fuu, fuu kila ngazi, hadi wenzangu bwenini wakinisikia wanasema treni hiyo. Leo nilianza polepole kuliko wote, wasichana wawili wakanipita wakicheka. Ghorofa ya nne nikawakuta wameshika ukuta.

Ya tano mpira ukateleza begani. Nikaudaka kwa nguvu zangu zote, na pumzi nikaidaka pamoja nao. Mdomo ukajifunga. Nikasimama. Mama, nilisimama katikati ya mtihani! Nikapuliza mpaka tumbo likagusa mgongo. Mtahini pale kwenye kona akaandika kitu, nikajua ndiyo basi. Halafu hewa ikaingia yenyewe, vilevile ulivyosema, na miguu ikaenda.

Nilipofika juu nikageuka, na nikimpita wakati wa kushuka nikamwuliza aliandika nini. Akasema, "Kwamba unavuja kama gurudumu lenye pancha. Shuka, kuna wengine."

Muuguzi alikubali ile leso. Jioni naiweka kwenye kiti karibu na kitanda, na mapigo yanatulia mapema kuliko zamani. Au labda ni kule kulala chali tu, sijui. Wenzangu wanaipenda, wamevuta vitanda vyao karibu.

Nimepangiwa kituo cha upande wa viwandani. Naanza Jumatatu. Wanasema huko moshi hauishi. Sijui utalichukuliaje.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera mara elfu. Fundi aliuzima mtambo, anaapa ni kwa ajili ya kuusafisha, ili niwasomee wenzangu barua yako kwa sauti. Pale kwenye pancha walicheka hadi msimamizi akatoka ofisini. Nikamsomea na yeye toka mwanzo.

Umeuliza nitalichukuliaje. Nikueleze kweli. Kila nikisikia king'ora, hata cha huku ambacho hakikuhusu, moyo utaruka. Maisha yangu yote nimekukimbiza mbali na vumbi, na sasa wanakulipa mshahara uufuate moshi. Juzi nilishika kalamu nikuandikie uombe kituo kingine. Nikaandika mistari miwili. Nikaichana.

Mtu aliyeweza kusimama katikati ya mtihani wake, wakati unakwenda na watu wanatazama, akajirudishia pumzi kwanza ndipo akaendelea, mtu huyo simwogopei sana. Kidogo tu, na hicho kidogo niachie, ni haki yangu.

Jumatatu nenda. Vaa kila walichokupa. Barakoa ya hewa uikague kwa mkono wako mwenyewe, hata wakisema imeshakaguliwa. King'ora kikilia usinifikirie. Ukirudi, oga, kula, lala, ndipo uchukue kalamu. Nitangoja.

Mama wa mzimamoto