Sahani Inayoondolewa Mapema

Nkoma, Itilima

Mwangaluka, mume wangu Mboje,

Pamba imechanua, ng'ombe mweupe amezaa, na kiungulia changu kimetulia tangu niache kulala mara tu baada ya kula. Ila kula kwenyewe ndiko kwenye mgogoro: Mama yako huondoa sahani kabla sijashiba, ili mtoto asinenepe tumboni. Mayai ameyafungia kabatini.

Mimi niliyewaongoza wanafunzi kugomea maharage mabichi, ningenyamaza? Jana, muuguzi aliponiambia kwamba damu yangu imepungua, nilirudi nikasimama jikoni nikahutubu: Ni haki gani inayomjenga mtoto kwa njaa ya mamaye? Ni busara gani inayoogopa yai?

Mama aliendelea kuchambua dagaa. "Umemaliza, Mheshimiwa?" Kisha akasema taratibu, "Binti yangu Veronica alikula akashiba. Mtoto akawa mkubwa, akakwama. Nikawazika wote wawili. Wewe sitakuzika."

Kwa nini hukuwahi kunisimulia habari za dada yako? Tangu hapo nazunguka uani, kizunguzungu na hasira vikinipokezana.

Njoo Jumamosi, Mboje. Usije kumgombeza Mama. Tumpeleke kliniki, amuulize muuguzi kwa kinywa chake mwenyewe ni nini kilichomuua binti yake, na kama kushiba kutaniua mimi. Nitakaa kando, kimya, mpaka apate jibu.

Ukipita Bariadi, nunua mayai. Nataka anipikie yeye.

Mkeo mwenye njaa,
Apolonia