Makaroni ya Malenge kwa Wageni wa Hoteli

Jumatatu, 6 Oktoba

Omena, dagaa wa ziwa, nimeanika, nimegeuza, nimeanua. Halafu makaroni. Jaribio jingine bovu. Chini yameungua, juu maziwa bado yanachezacheza. Makaa mengi niliweka chini na machache juu ya kifuniko. Ilipaswa kuwa kinyume. Naandika nisirudie.

Oveni sina. Nina sufuria kubwa, mchanga ndani yake, trei juu ya mchanga, kifuniko, makaa. Keki huiva hivyo. Makaroni yanakataa.

Madam Beatrice, msimamizi wa hoteli ya wageni upande wa pili wa kisiwa, anakuja Jumamosi kuonja. Anatafuta mpishi. Wageni wake wanataka makaroni ya kuoka, yenye malenge na jibini, chakula cha kwao cha wakati majani ya miti yanaanguka. Hapa kisiwani Takawiri hayaanguki. Sawa. Mimi nataka mshahara. Mvua zikianza omena haikauki, inaoza, inauzwa kuwa chakula cha kuku. Nimechoka kukimbizana na mawingu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mume wangu Ouma amerudi kutoka Homa Bay mjini. Nilimwambia jibini ngumu, kipande kizima kama mche wa sabuni. Amenunua vile vipande laini vya pembetatu vya kupaka kwenye mkate.

"Si zote ni jibini?"

Huyu hawezi kukosea uzi wa wavu hata akifungwa macho. Kesho anavuka tena.

Nimetumia vipande hivyo hivyo. Mchuzi mweupe wa maziwa, siagi na unga umetoka vizuri, hauna madonge. Malenge nimeponda. Mama mkwe alionja, akaangalia huku na huku.

"Nyar Kadem, ugali uko wapi?"

Ananiita binti wa Kadem kwa sababu nilizaliwa huko Migori. Watoto wangu ni watu wazima na bado mimi ni mgeni kutoka Kadem. Nikasonga ugali. Akala makaroni kama mboga, akasema ni tamu. Ouma naye tamu. Kila kitu tamu. Hawanisaidii.

Jumatano, 8 Oktoba

Jibini sahihi imefika. Trei ya leo imeiva pande zote, juu imekauka na kupasuka kidogo. Nilifurahi.

Nikampelekea sahani mwalimu Chacha, mpangaji wetu wa chumba cha nje. Anatoka Kegonga, kwa Wakuria, mbali na ziwa. Akala vijiko viwili, akaweka sahani chini.

"Mama Otieno, usikasirike. Umetia samaki?"

Nimekasirika. Samaki gani? Nimetia malenge, makaroni, maziwa, jibini, chumvi. Mtu aliyezoea nyama ya ng'ombe anaona samaki kila mahali.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimesugua trei kwa majivu. Sufuria pia. Kijiko, ubao, mikono. Nimepika kidogo tu ili jibini isiishe. Ouma akanusa: hakuna kitu. Mama mkwe akanusa: "Inanukia chakula." Mwalimu akanusa, akatikisa kichwa. Nilitaka kumpiga kwa mwiko.

Halafu akainama juu ya sufuria, akachota mchanga kidogo, akaunusa. Akanipa. Nikaunusa mimi. Sikusikia harufu yoyote. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikamuuliza Ouma aliutoa wapi.

"Pale tunapoanika. Kwani kuna mchanga mwingine?"

Hakuna. Ufuo wote tumeanika omena tangu mama mkwe akiwa msichana. Moto unaamsha ile harufu, inapanda, inaingia kwenye jibini. Na nyumba nzima hatuisikii kwa sababu tunalala nayo. Madam Beatrice ataisikia kabla hajakaa.

Mchanga nimemwaga. Kwa hasira, na upepo ukanirudishia usoni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jibini iliyobaki inatosha trei moja. Hakuna tena majaribio.

Badala ya mchanga nitaweka vigae vya nyungu iliyovunjika. Mwalimu amejitolea kuniazima jiko lake na sufuria ambayo haijawahi kuona samaki. Nilidhani tumemaliza. Kumbe.

Ouma: "Mke wangu apike kwenye meko ya mwanamume mwingine?"

Mama mkwe: "Wakimwona watasema nini? Watasema ameolewa tena."

Nikawauliza wanataka nini. Harufu? Mvua? Nianike omena hadi mgongo ukatike? Nilipiga kelele, majirani walisikia, sijali. Ouma alitoka. Mama mkwe akauliza tutaanza saa ngapi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama mkwe alikuja na kigoda chake. Akakaa mlangoni mwa mwalimu kuanzia kuwasha makaa hadi kuepua. Kila aliyepita, yeye alimsalimu kwa sauti ya mkutano wa chifu: "Mimi niko hapa! Niko hapa na yeye!" Hata asiyeuliza. Nilitamani kujifunika kwa ile sufuria. Mwalimu alijificha nyuma ya nyumba na madaftari ya wanafunzi.

Makaa machache chini, mengi juu. Sikufungua kifuniko hata mara moja.

Madam Beatrice alikula. Akachota tena. Akakwangua ile ngozi ngumu ya pembeni kwa uma, akaitafuna taratibu. Akauliza oveni yangu iko wapi. Nikamwonyesha. Akacheka, si kwa ubaya.

"Kwetu iko ya gesi. Utaanza Jumatatu?"

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani mama mkwe alisimama kutoa shukrani kwa kazi "tuliyopata" hotelini. Watu wakampa mkono yeye. Nimemwacha.

Jioni Ouma akauliza, akiangalia ziwa: "Na kesho nani ataanika?"

Halafu akaleta karai la omena iliyobaki na wavu mkuukuu, akautandaza mwenyewe, vibaya. Nimemwonyesha. Nyembamba, zisilaliane, na za pembeni ziangaliwe kwanza. Anajifunza polepole. Anauliza maswali mazuri.